Paladiamu Isihukumiwe kwa Bei Yake

Kwa miaka mingi sasa, makala za utafiti kuhusu mimenyuko ya kuunganisha molekuli za aromatiki, yaani zile zenye pete ya kaboni kama ya benzeni, zimekuwa zikifunguliwa kwa hoja ileile: paladiamu ni metali adimu na ya ghali, kwa hiyo tunahitaji kichocheo (kitu kinachoharakisha mmenyuko bila chenyewe kuisha) cha nikeli, shaba au chuma kitakachochukua nafasi yake. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake. Paladiamu huchimbwa kwa wingi zaidi katika nchi mbili tu, Urusi na Afrika Kusini, sehemu kubwa yake huishia katika vifaa vya kusafishia moshi wa magari, na kati ya 2019 na 2022 kulikuwa na vipindi virefu ambavyo bei yake ilipita ile ya dhahabu. Lakini kutoka kwenye ukweli huo hadi kwenye hitimisho kwamba mmenyuko wa nikeli ni nafuu na safi zaidi kwa kuwa tu nikeli yenyewe ni rahisi kununua, pana mwendo mrefu ambao waandishi wengi huuruka. Msimamo wangu ni kwamba tukiufuata mwendo huo hatua kwa hatua, mara nyingi hesabu hugeuka.

Ugumu ambao mimenyuko hii ilikuja kuutatua unastahili kukumbukwa kwanza. Kaboni sita za pete ya benzeni hugawana elektroni kwa namna inayoifanya pete yote iwe tulivu, na umbo lake bapa haliachi nafasi ya kuifikia kaboni kutokea upande wa nyuma ili kuing'oa klorini au bromini na kuweka kaboni nyingine mahali pake, kama inavyowezekana katika kaboni za mnyororo. Mwaka 1901 mkemia Fritz Ullmann alionyesha kwamba pete mbili zenye halojeni, yaani klorini, bromini au iodini, zinaweza kuunganishwa kwa unga wa shaba, lakini shaba hiyo ilihitajika kwa wingi na ilitumika ikaisha, badala ya kufanya kazi kama kichocheo, na joto lililotakiwa mara nyingi lilizidi nyuzi 200 za Selsiasi. Molekuli yenye sehemu laini haihimili hali hiyo. Isitoshe, njia hiyo ilifaa zaidi kuunganisha pete mbili zinazofanana. Aliyechanganya pete za aina mbili kwa kawaida alipata mchanganyiko wa jozi zote zinazowezekana, kisha akabakiwa na kazi ya kuzitenganisha.

Mafanikio ya kwanza makubwa ya kuunganisha pete mbili tofauti kwa kichocheo kidogo hayakutokana na paladiamu. Mwaka 1972, Makoto Kumada na Kohei Tamao nchini Japani, na Robert Corriu nchini Ufaransa, kila upande ukifanya kazi kivyake, walitangaza kwamba nikeli kidogo huunganisha kitendanishi cha Grignard, yaani kaboni iliyofungwa na magnesiamu, na kaboni ya aromatiki iliyobeba halojeni. Historia za uwanja huu hulitaja jambo hili kwa sentensi moja na kuendelea, ilhali mimi naliona kuwa ndilo kiini cha mjadala wote. Nikeli ilikuwepo tangu mwanzo, na ilikuwa ya bei rahisi wakati ule kama ilivyo sasa. Wanakemia walikuwa nayo mikononi, wakaiweka kando, wakahamia kwenye metali ya ghali. Anayetaka turudi tulikotoka hana budi kwanza kueleza kwa nini tuliondoka.

Sababu iko katika namna metali hizi mbili zinavyoshughulika na elektroni. Paladiamu huanza kazi ikiwa haina chaji. Hujipenyeza katika kifungo cha kaboni na halojeni na kutoa elektroni mbili kwa mpigo mmoja. Kisha hupokea pete ya pili kutoka kwa elementi iliyoibeba, iwe magnesiamu, zinki, bati au boroni. Na mwishowe pete hizo mbili, zikiwa zimekaa ubavuni mwa atomu moja ya metali, huungana na kuondoka pamoja, nayo paladiamu hurudi ilivyokuwa, tayari kwa mzunguko mwingine. Elektroni mbili hutoka na elektroni mbili hurudi. Nikeli inaweza kupita njia hiyohiyo, lakini pia hukubali kutoa elektroni moja moja na kukaa katika hali za kati, na kila hali ya kati ni mlango wa kuzalisha radikali huru (vipande vya molekuli vyenye elektroni isiyo na mwenzake), wa pete kuungana na pacha wake, au wa kichocheo kufa kabla kazi haijaisha. Utulivu huo wa paladiamu ndio unaoiwezesha kufanya kazi katikati ya sehemu nyingine za molekuli, kama esta, nitrili, ketoni na amidi, bila kuzigusa. Ndio pia unaomwezesha mkemia kuchora kwenye karatasi molekuli ambayo haijawahi kutengenezwa na mtu yeyote, akiwa na imani ya kutosha kwamba kifungo anachokihitaji kitapatikana.

Thamani ya imani hiyo haimo katika orodha za bei za metali. Kifungo kati ya pete mbili kimo katika losartani, dawa ya shinikizo la damu. Kimo katika boskalidi, kemikali ya kuua kuvu wa mazao ambayo hutengenezwa kwa mmenyuko wa aina hii kwa zaidi ya tani 1,000 kwa mwaka. Kimo pia katika fuwele kioevu za skrini na katika plastiki zinazopitisha umeme. Katika utafutaji wa dawa, ambako mtu hutengeneza mamia ya molekuli zinazokaribiana ili apate moja inayofaa, mmenyuko unaofaulu mara tisa kati ya kumi kwa vijenzi asivyovijua una faida kubwa kuliko mmenyuko wa bei ya chini unaofaulu mara nne.

Kilichofuata baada ya 1972 kilikuwa, kwa sehemu kubwa, utafutaji wa mbebaji bora wa pete ya pili. Richard Heck alikuwa ameonyesha mwaka huohuo, baada ya Tsutomu Mizoroki mwaka 1971, kwamba paladiamu inaweza kuunganisha pete ya aromatiki na alkeni, yaani molekuli yenye kifungo maradufu cha kaboni, bila kuhitaji mbebaji wa metali. Ei-ichi Negishi alileta zinki mwaka 1977. Bati lilikuja kupitia kazi za Masanori Kosugi, Toshihiko Migita na John Stille katika miaka hiyohiyo. Akira Suzuki na Norio Miyaura walitangaza njia ya boroni mwaka 1979, na mwaka 1981 wakaionyesha kwa pete mbili za aromatiki. Heck, Negishi na Suzuki walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2010. Stille alikuwa amefariki katika ajali ya ndege mwaka 1989, na tuzo hiyo haitolewi kwa marehemu. Suzuki hakuuwekea mmenyuko wake hataza, uamuzi ambao naamini ulichangia kuueneza haraka kuliko sifa yake yoyote ya kikemia.

Boroni ilishinda kwa sababu zinazohusu mbebaji. Asidi za boroniki kwa kawaida ni vitu vikavu vinavyokaa chupani bila kuharibiwa na hewa wala maji, na mabaki yake hayana sumu kali. Linganisha na bati. Kila kilo moja ya bifenili, yaani pete mbili za benzeni zilizoungana, ikitengenezwa kwa njia ya Stille huacha takriban kilo 2.4 za bromidi ya tributilibati, kiwanja chenye sumu ambacho ni vigumu kukitenganisha na zao. Hakuna aliyehitaji kubadilisha paladiamu ili kuuondoa mzigo huo. Ilitosha kubadilisha mwenzake.

Hapa ndipo hesabu inapostahili kufanywa polepole, kwa kuwa ndipo hoja ya bei inapoanza kulegea. Tuchukue mfano mwepesi kuliko yote: bifenili kilo moja, kutokana na bromobenzeni na asidi ya boroniki ya benzeni, pamoja na kaboneti ya potasiamu kama besi kwa kiasi cha moli mbili (moli ni kipimo cha idadi ya molekuli) kwa kila moli ya bromobenzeni. Hata tukichukulia kwamba mmenyuko umekamilika bila kupoteza chochote, tunahitaji bromobenzeni kilo 1.02, asidi ya boroniki kilo 0.79 na kaboneti kilo 1.79, jumla ni kilo 3.6 za malighafi kwa kilo moja ya zao, kabla ya kuhesabu kiyeyushi, ambacho mara nyingi huzidi vitu vyote vingine kwa uzito. Paladiamu ikitumika kwa kiwango cha asilimia 0.1 ya moli, inayoingia humo ni gramu 0.7. Sasa tuweke nikeli kwa asilimia 5, kiwango ambacho ni cha kawaida katika makala za utafiti: inayoingia ni gramu 19. Nikeli haifanyi kazi peke yake. Inahitaji ligandi, yaani molekuli inayoshikamana na metali na kuongoza kazi yake, na kama ligandi hiyo ni fosfini (kiwanja cha fosforasi) yenye pete tatu za sikloheksili kwa asilimia 10, tunaongeza gramu 182. Kwa paladiamu, ligandi hiyohiyo kwa uwiano uleule wa mbili kwa moja ingekuwa chini ya gramu 4.

Gramu 182 za fosfini si kitu kidogo. Ligandi hizi hutengenezwa kwa hatua kadhaa, nyingi zake haziwezi kuachwa hewani, na baada ya kazi lazima ziondolewe kwenye zao pamoja na oksidi zake. Gramu 0.7 za paladiamu, kwa upande wake, kiwanda kinachojua kazi yake hukusanya sehemu kubwa na kuirudisha kwa msafishaji, kwa sababu bei yenyewe inamsukuma mtu kufanya hivyo. Nikeli iliyochanganyika na mabaki ya fosfini mara nyingi haina anayeihangaikia. Metali ya ghali inayorudishwa inaweza kuwa na gharama ndogo kuliko metali rahisi inayotupwa, na sijaona sababu ya kuliacha jambo hili nje ya makala zinazojiita za kemia safi.

Kushuka kwa kiwango cha paladiamu hadi sehemu ndogo ya asilimia hakukuja chenyewe. Kulitokana na kazi ya ligandi. Kifungo cha kaboni na iodini katika pete ya aromatiki kina nguvu ya takriban kilojuli 270 kwa moli, cha bromini takriban 340, na cha klorini takriban 400. Hiyo ndiyo sababu kloridi, ambazo ndizo nafuu na zilizopo kwa wingi, zilikuwa zikikataa kuunganishwa. Mwaka 1998 Gregory Fu na Stephen Buchwald, kila mmoja kwa njia yake, walionyesha kwamba fosfini kubwa na zenye ukarimu wa elektroni huifanya paladiamu ivunje kifungo cha klorini, wakati mwingine hata katika joto la chumbani. Ukubwa wa ligandi huzuia ya pili kukaa, hivyo atomu ya paladiamu hubaki na nafasi ya kufanyia kazi. Ukarimu wake wa elektroni huipa metali nguvu ya kuvunja. Maendeleo haya yalipunguza gharama ya mmenyuko kuliko kubadilisha metali kungeweza kupunguza, kwa kuwa yalifungua mlango kwa malighafi nafuu zaidi na wakati huohuo yakapunguza kichocheo.

Kuna jambo lingine linalonifanya nizisome kwa tahadhari taarifa za kuiondoa paladiamu, nalo ni uwezo wake wa kufanya kazi ikiwa kidogo kiasi cha kutoonekana. Mwaka 2003 Nicholas Leadbeater na mwenzake walitangaza mmenyuko wa Suzuki usiohitaji metali yoyote ya mpito (kundi lenye paladiamu, nikeli, shaba na chuma), ndani ya maji, kwa joto la mikrowevu. Mwaka 2005 Leadbeater mwenyewe, pamoja na wenzake, walirudi na maelezo: kaboneti ya sodiamu waliyoinunua ilikuwa na paladiamu kwa kiwango cha sehemu 50 kwa kila bilioni. Hiyo ni mikrogramu 50 katika kilo nzima ya kaboneti, nayo ilitosha. Mwaka 2009 Buchwald na Carsten Bolm walichunguza mimenyuko iliyokuwa imetangazwa kuwa ya chuma, baadhi yake kutoka katika maabara ya Bolm, wakaona kwamba kloridi ya chuma yenye usafi tofauti ilitoa mazao tofauti, na kwamba chembe za shaba zilizokuwa ndani yake zingeweza kueleza kilichoonekana. Mwaka 2021 jarida la Nature Catalysis lilichapisha dai kwamba amini fulani (kiwanja chenye nitrojeni) huchochea mmenyuko wa Suzuki pasipo metali. Watafiti wengine walipoichunguza walikuta paladiamu iliyobaki kutoka katika utengenezaji wa amini hiyohiyo, na makala ikaondolewa kabla mwaka haujaisha.

Siwataji watu hawa ili kuwaaibisha. Leadbeater na Bolm walifanya kile ambacho sayansi inakihitaji zaidi, yaani kuirudia kazi iliyotoka mikononi mwao na kuitangaza kasoro yake hadharani. Nasisitiza mfululizo wenyewe kwa kuwa kosa limejirudia kwa sura ileile kwa karibu miaka 20, na kila mara hamu ya kuiona paladiamu ikiondoka ilitangulia kipimo. Mtu akitangaza kwamba mmenyuko wake umechochewa na chuma au hauna metali, namtaka aonyeshe kiasi cha paladiamu, shaba na nikeli kilichomo katika kila kitendanishi, kwa kipimo kinachofika sehemu kwa bilioni. Aonyeshe matokeo kwa vyombo vipya na kifimbo kipya cha kukorogea, kwa kuwa metali hujificha katika mikwaruzo ya kifimbo kilichokwisha kutumika. Na aonyeshe kinachotokea anapoongeza kwa makusudi chembe za paladiamu za kiwango kilekile. Vipimo hivi si vya anasa, na maabara yenye uwezo wa kuchapisha dai kubwa kama hilo inaweza kuvigharimia.

Yote haya hayamaanishi kwamba metali nyingine hazina mahali pake. Shaba imerudi kwa heshima. Kazi za Dawei Ma na za Buchwald mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilionyesha kwamba asidi za amino na diamini, ligandi ndogo na za bei nafuu, huiwezesha shaba kuunganisha pete za aromatiki na nitrojeni kwa joto lililo chini sana ya lile la Ullmann, na kwa vifungo vya namna hiyo mimi ningeijaribu shaba kabla ya paladiamu. Nikeli nayo inaongoza pale ambapo paladiamu hushindwa au husuasua: katika kuvunja vifungo vya kaboni na oksijeni vya esta na kabameti, na katika kuunganisha pete na kaboni za mnyororo, ambapo uwezo wake wa kutoa elektroni moja moja unageuka kuwa faida. Tangu 2014, mbinu za kuichanganya nikeli na vichocheo vya mwanga zimetuwezesha kujenga molekuli ambazo paladiamu haikuwa ikizifikia. Hiyo ndiyo hoja yenye nguvu kwa nikeli. Inafanya kazi nyingine, na inastahili kutafitiwa kwa ajili ya kazi hiyo.

Kuhusu usalama wa dawa, hoja ya kwamba paladiamu ni hatari kuliko mbadala wake ina uzito mdogo kuliko inavyosemwa. Mwongozo wa kimataifa wa ICH Q3D, unaohusu mabaki ya metali katika dawa, unaruhusu mikrogramu 100 za paladiamu kwa siku katika dawa za kumezwa, na takriban mikrogramu 200 za nikeli. Tofauti ni kama mara mbili tu, na tukikumbuka kwamba nikeli huingia kwenye mmenyuko kwa wingi wa mara kadhaa, kazi ya kuisafisha haipungui. Zaidi ya hapo, baadhi ya asidi za boroniki zenyewe zimeonekana kusababisha mabadiliko ya jeni katika majaribio ya bakteria, hivyo msafishaji wa dawa anaweza kujikuta akimwogopa mbebaji kuliko metali.

Kama tunataka kupunguza mzigo wa mimenyuko hii, naona pa kuanzia ni katika zile kilo 3.6 na katika kiyeyushi. Asidi ya boroniki ya benzeni kwa kawaida hutengenezwa kutokana na bromobenzeni, magnesiamu na esta ya boroni. Kwa hiyo kifungo kimoja kati ya pete mbili kimetumia bromini mara mbili, na bromini zote mbili zimeishia kuwa chumvi. John Hartwig, Milton Smith, Tatsuo Ishiyama na Miyaura walionyesha, kuanzia mwisho wa miaka ya 1990, kwamba iridiamu inaweza kuweka boroni moja kwa moja mahali pa haidrojeni ya pete, na hivyo kuiondoa bromini moja katika hesabu. Kazi ya Bruce Lipshutz ya kuendesha mimenyuko hii ndani ya maji yenye viini vidogo vya sabuni inagusa kiyeyushi, na kwa maoni yangu inastahili kusomwa na wengi kuliko makala mpya ya chuma.

Hatua ya mbali zaidi ni kuziunganisha pete mbili kwa kuondoa haidrojeni tu, bila halojeni wala boroni. Kwa karatasi ni nzuri ajabu: benzeni mbili hutoa bifenili na kupoteza haidrojeni mbili peke yake, zaidi ya asilimia 98 ya uzito ikibaki ndani ya zao. Vitendo bado viko mbali na karatasi. Pete ya tolueni ina haidrojeni tano katika nafasi za aina tatu, na kichocheo lazima kichague moja. Ili kukilazimisha kuchagua, wengi hufunga kwenye pete kundi la kukiongoza, kisha hulazimika kuling'oa, na uzito uliookolewa hurudi kwa mlango mwingine. Paladiamu katika mimenyuko hiyo mara nyingi huwa asilimia 5 hadi 10. Na kwa kuwa lazima kuwe na kitu cha kupokea elektroni mbili zinazoachwa haidrojeni zikiondoka, mbinu nyingi hutumia chumvi za metali ya fedha, moli mbili kwa kila kifungo, ambazo katika kilo yetu moja ya bifenili ni kilo 1.4 za fedha. Maabara itakayoiweka oksijeni ya hewa mahali pa fedha hiyo, na kuonyesha kwamba pete zinaungana pale inapotaka ziungane na kichocheo kinashuka chini ya asilimia moja, itakuwa imepunguza gharama ya kifungo hiki kuliko miaka yote ya kutafuta mbadala wa paladiamu, hata kama kichocheo chake ni paladiamu.